Kitabu cha Karatasi na Kitabu cha Kioo

Miongoni mwa walimu wa Kiswahili katika nchi yetu ya Uganda, na bila shaka katika nchi za jirani pia, limezuka swali ambalo wale waliotufundisha sisi hawakupata kulijibu: je, wanafunzi wasome vitabu vilivyopigwa chapa, au wasome vitabu vya kidijitali katika simu na vishikwambi? Wako wanaolijibu upesi kwa kuwa hupenda kila kilicho kipya, na wako wanaolijibu upesi vilevile kwa kuwa hukichukia. Sisi twaliona kuwa zito kuliko linavyodhaniwa. Mahali kama petu, ambapo watoto wengi hawazaliwi katika nyumba ya Kiswahili, kitabu si pambo la somo. Mtoto hukutana na lugha hii kwa dakika arobaini darasani, kisha huachana nayo mlangoni. Asipokuwa na kitu cha kusoma jioni, hakutani nayo tena mpaka kipindi kingine.

Nchi yetu haijapungukiwa na matamko juu ya Kiswahili. Mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa ili kiwe lugha rasmi ya pili. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini ulikifanya kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwezi Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha yake ya kazi, na mwezi Julai mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda likaafiki kitumike kuwa lugha rasmi. Hayo yote twayapokea kwa furaha. Walakini yeyote aliyesimama mbele ya darasa anajua kwamba tamko halina kurasa. Tamko la mwaka 1973 halikufuatwa na vitabu vya kutosha, na lugha ikabaki kambini na sokoni. Tusipoangalia, na haya ya sasa yatakuwa na mwisho uleule.

Vitabu vyetu vingi hutoka Nairobi na Dar es Salaam. Huvuka mpaka Busia na Malaba, na kila mkono unaovipokea njiani huongeza bei. Ndipo wenzetu wengine wakasema kwamba dawa imepatikana: kitabu cha kidijitali hakipandi lori, hakilipiwi nauli, wala hakiliwi na mchwa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na makala haya hayakusudii kuipuuza. Tunataka kuipima, kwanza kwa maisha yetu wenyewe, kisha kwa yale yanayojulikana.

Sisi tulizaliwa katika wilaya ya Tororo mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwendo mfupi kutoka Malaba. Kiswahili tulikisikia kwa madereva wa malori, makuli na wauza mitumba. Nyumbani wazee wetu walikihofu, maana kwa miaka mingi walikuwa wamekisikia vinywani mwa askari waliosimamisha watu katika vizuizi vya barabarani. Kilichotupatanisha nacho ni kitabu kimoja. Mjomba wetu alirudi kutoka sokoni akiwa na nakala kuukuu ya Shamba la Wanyama, riwaya ya George Orwell ambayo Fortunatus Kawegere aliitafsiri na ikachapishwa Nairobi mwaka 1967. Haikuwa na jalada. Katika ukurasa wa kwanza yalikuwamo majina ya watu watatu, mawili yamekatwa kwa wino. Mmoja wa watu hao alikuwa na desturi ya kupiga mstari chini ya kila neno gumu na kuandika maana yake pambizoni kwa penseli. Hatukumjua, wala hatutamjua. Hata hivyo twaweza kusema pasipo kutia chumvi kwamba mwalimu wetu wa kwanza wa Kiswahili alikuwa msomaji yule, na kwamba alitufundisha miaka mingi baada ya yeye mwenyewe kukimaliza kitabu chake.

Tulipokwenda kusomea stashahada ya ualimu tulikuta rafu moja ya vitabu vya Kiswahili, na nakala moja tu ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ili isitembee. Tulisoma kwa zamu. Uhaba ule hatuusifu, na hatuwapendi wanaousifu uhaba wakiwa wamekwisha kushiba. Twalitaja jambo hilo kwa sababu ndilo linalotufanya tuwaelewe vijana wetu wanaoshangilia simu yenye kamusi ndani yake. Anayeona ajabu kwamba mtu aweza kushangilia kamusi ya mfukoni, huenda hakupata kupanga foleni ya kuisoma.

Tukitazama nyuma zaidi, twaona kwamba kitabu na Kiswahili viliingia katika nchi hii kwa njia moja. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kufika katika baraza la Kabaka wakiwa na Kurani na hati za Kiarabu. Kisha, mwaka 1878, Alexander Mackay wa misheni ya CMS akafika Buganda, na pamoja naye ukaja mtambo mdogo wa kupigia chapa. Maandiko waliyojifunzia vijana wa kwanza wa pale barazani yalikuwa kwa sehemu kubwa ya Kiswahili, yale yaliyofasiriwa Unguja na Askofu Edward Steere, kwa kuwa Kiganda kilikuwa bado hakijapata vitabu vyake. Watu waliofuata dini hizo mpya wakaitwa abasomi, yaani wasomaji. Zilipofika siku za mateso, karatasi zile zilifichwa, zikagawanywa, zikaazimwa kwa siri. Karatasi moja iliweza kupita mikononi mwa watu kumi, na hakuna aliyehitaji ruhusa ya mtu aliye mbali ili aifungue. Sifa hiyo ya karatasi tuikumbuke, maana tutairudia.

Tuje sasa kwenye kitabu cha kidijitali. Wengi hukiita kitu cha jana, kumbe kimetuzidi umri. Tarehe 4 Julai 1971 kijana mmoja wa Marekani, Michael Hart, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, aliliandika Tangazo la Uhuru wa nchi yake katika kompyuta ili yeyote aweze kulichukua bure. Kutoka hapo ndipo ulipoanza mradi uitwao Project Gutenberg. Fikira yake ilikuwa ya ukarimu: kwamba kitabu kikiisha kuandikwa mara moja, chaweza kugawiwa mara elfu bila ya mwenyewe kupungukiwa. Ukarimu huo umetufikia hata sisi. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini na kuzinduliwa mwaka 2014, una hadithi za watoto kwa lugha nyingi za bara letu, Kiswahili na Kiganda zikiwamo. Mwalimu yeyote aweza kuzichukua, kuzitafsiri na kuzipiga chapa kwa halali.

Kuna na jambo jingine lililotugusa zaidi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalihifadhiwa katika hati za Kiarabu kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah na mmisionari W. E. Taylor. Hati hizo zikapelekwa London, na leo zimo katika maktaba ya chuo cha SOAS. Mwaka 1940 William Hichens alitoa diwani ya Muyaka huko Johannesburg, lakini nakala zake hazipatikani katika duka lolote tulijualo. Kwa mwalimu wa Tororo, London ni mbali kama mwezi. Lakini siku hizi chuo hicho kimeziweka picha za hati za Kiswahili katika mtandao, nasi tumeketi chini ya mwembe tukaziangalia karatasi hizo katika kioo cha simu, wino wake na madoa yake. Hapana kitabu cha karatasi ambacho kingetufanyia hisani hiyo. Aidha, mwenzetu mmoja aliyekaribia kustaafu, ambaye macho yake yamefifia, husoma riwaya tena kwa sababu kioo chaweza kuyakuza maandishi mpaka yalingane na macho yake. Atakayemwambia kwamba kitabu cha kweli ni cha karatasi tu, na amwambie usoni.

Kama mambo yangeishia hapo, makala haya yangekuwa mafupi. Lakini yako mengine.

Mwezi Machi 2020 shule zetu zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa kwa wote mpaka Januari 2022. Kwa karibu miaka miwili tuliambiwa tufundishe kwa redio, kwa magazeti na kwa mtandao. Katika darasa letu moja la wanafunzi 68, waliokuwa na simu ya kufaa nyumbani walikuwa 11. Hao tuliwatumia hadithi na mazoezi. Mmoja wao, binti aliyeazima simu ya kaka yake kila usiku, alirudi shuleni akisoma vizuri kuliko alivyoondoka, na jambo hilo hatuwezi kulificha. Lakini wale 57 je? Kwa idhini ya mkuu wa shule tulifungua kabati, tukawaazima vitabu 30 vilivyokuwamo, tukaandika daftarini jina la kila mmoja, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Walibadilishana wenyewe kwa wenyewe vijijini. Shule zilipofunguliwa vilirudi vitabu 26, vingine vikiwa na harufu ya moshi wa jikoni. Simu 11 ziliwafikia watoto 11. Vitabu 30 viliwafikia watoto ambao hata sisi hatukuweza kuwahesabu, maana baadhi yao hawakuwa wa shule yetu.

Halafu kuna suala la ufunguo. Ukinunua kitabu cha karatasi, kimekuwa chako. Utakiazima, utakirithisha, utakiuza sokoni, kama alivyofanya yule mwenye penseli. Kitabu cha kidijitali, mara nyingi, hununui kitabu bali hununua ruhusa ya kukisoma, na mwenye kuitoa ruhusa aweza kuiondoa. Mwezi Julai 2009 kampuni ya Amazon iligundua kwamba baadhi ya vitabu ilivyowauzia wasomaji wa Marekani viliwekwa dukani na mtu asiyekuwa na haki navyo. Ikavifuta katika vifaa vya wateja wake, kwa mbali, pasipo kuwauliza, ikawarudishia fedha zao. Vitabu vilivyofutwa vilikuwa vya George Orwell, na kimojawapo kilikuwa kilekile cha shamba la wanyama. Baadaye mkuu wa kampuni aliomba radhi hadharani. Sisi tuliposoma habari hiyo tuliitazama nakala yetu isiyo na jalada. Ilivuka mpaka bila ya ruhusa ya mtu, ikapita katika mikono minne, na hakuna aliye na uwezo wa kuifuta kutoka mbali.

Wala ufunguo haumo mikononi mwa wauza vitabu peke yao. Mwaka 2018 iliwekwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila aliyetaka kutumia mitandao ya kijamii katika nchi yetu. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya data za intaneti. Mwezi Januari 2021, wakati wa uchaguzi, mtandao ulizimwa nchini kote kwa siku kadhaa. Hatuandiki siasa hapa. Twasema tu kwamba mwalimu ambaye maktaba yake yote ilikuwa katika mtandao hakuwa na maktaba katika siku zile. Yule mwenye kabati alikuwa nayo.

Tena liko jambo ambalo walimu hatulipendi kulizungumza. Vitabu vingi vya kidijitali vya Kiswahili vinavyozunguka katika makundi yetu ya simu si vitabu vilivyotolewa na wachapishaji. Ni picha za kurasa zilizopigwa na mtu, zikatumwa kwa rafiki, rafiki akatuma kwa rafiki. Tumepata kuona riwaya moja iliyoruka kutoka ukurasa wa 88 mpaka wa 91, na wanafunzi wa shule mbili tofauti walioisoma wakashindwa kueleza mhusika mmoja amekufa vipi. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mwandishi hapati hata senti. Tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, lakini hata kama isingekuwapo, akili ingetosha kutuonya. Waandishi wa Kiswahili si matajiri. Tunamtaka mwandishi atuandikie riwaya nyingine, huku tukimwambia kwa vitendo vyetu kwamba ile ya kwanza haikuwa na thamani. Ng'ombe hukamuliwa na aliyemlisha.

Na kusoma kwenyewe je? Hapa tusiseme kwa kukisia. Mwaka 2013 Anne Mangen na wenzake wa Norway waliwapa vijana 72 wa darasa la kumi maandishi yaleyale, wengine katika karatasi, wengine katika kioo cha kompyuta. Waliosoma katika karatasi walifahamu zaidi. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walikusanya tafiti 54 za aina hiyo, zilizohusu watu zaidi ya 170,000, nao wakaona kwamba karatasi ilikuwa mbele, hasa katika maandishi ya maelezo na hasa msomaji anapokuwa amewekewa muda. Tena tofauti hiyo ilikuwa ikizidi kadiri miaka ilivyokwenda, si kupungua kama tungetarajia kwa watu wanaozoea vioo tangu utotoni. Lakini haki na isemwe: katika hadithi hawakuona tofauti hiyo. Kwa hiyo anayemkataza mtoto hadithi kwa sababu imo katika simu, hana utafiti huo wa kuegemea.

Nasi tulijaribu darasani, bila ya kudai kwamba ni utafiti. Tuliligawa darasa la kidato cha pili nusu kwa nusu, tukalipa ufahamu mmoja juu ya ufugaji wa nyuki. Nusu ilisoma katika karatasi, nusu katika simu tulizoazima kwa walimu. Wenye simu walikuwa wepesi wa kulitafuta neno na kuliona. Tulipowaomba waeleze hatua za kurina asali kwa mfuatano, wengi walizitaja hatua zote lakini wakazipanga ovyo. Wenye karatasi walikuwa wazito zaidi, ila mmoja wao alifumba macho akasema, “Hiyo ya moshi ilikuwa chini, upande wa kushoto, kwa hiyo ndiyo ya kwanza katika ukurasa ule wa pili.” Hapo tulifahamu kwamba ukurasa una mahali, na mahali husaidia kumbukumbu. Katika kioo maneno hupita kama maji ya mto. Msomaji huyaona yote, lakini hayana ukingo wa kuyashikilia.

Mwaka uliopita mambo haya yalitoka katika fikira yakaingia katika fedha. Wanafunzi wa zamani wa shule yetu walichanga shilingi 3,000,000 wakazitoa kwa idara ya Kiswahili, na mkuu wa shule akaitisha kikao cha walimu na wazazi ili ziamuliwe. Kishikwambi kimoja cha kuaminika kilikuwa shilingi 500,000. Yaani fedha zile zingenunua vishikwambi sita. Riwaya moja ilikuwa shilingi 27,000 ikifika Tororo.

Mwenzetu kijana wa idara yetu aliongoza upande wa vishikwambi, naye alisema vizuri. Alieleza kwamba katika vishikwambi sita mngeweza kutiwa mamia ya hadithi za halali zisizolipiwa, pamoja na kamusi na rekodi za matamshi, na kwamba vitabu vya karatasi, hata tukinunua mia, vitakuwa vya majina mawili au matatu tu. Mwenyekiti wa wazazi, mzee mwenye busara, alimuunga mkono. Akatugeukia akauliza, “Mwalimu, dunia yaenda mbele. Mwataka watoto wetu wabaki nyuma pamoja na karatasi?”

Tulimjibu kwa heshima, “Mzee, hatutaki wabaki nyuma. Lakini vishikwambi sita kwa watoto zaidi ya mia moja vitakaa ofisini, na mtoto atakigusa kimoja kwa saa moja katika wiki. Shule yetu ni ya kutwa. Jioni mtoto arudi na nini nyumbani?”

Pakawa na kimya. Ndipo mama mmoja, auzaye samaki wakavu pale stendi, akaomba ruhusa ya kusema. “Mwalimu,” alisema, “mimi sikusoma. Mtoto akija na kitabu nyumbani, hata mimi nisiyejua herufi naona kwamba anasoma, na humwambia mdogo wake aende yeye kuchota maji. Akiinamia simu, sijui yuko na nani.”

Neno hilo lilitingisha kikao kuliko takwimu zetu zote. Hatukulichukua kuwa hoja ya kuwaogopesha watu na simu. Tulilichukua kuwa ni habari juu ya kitu ambacho wataalamu hawakukipima: kwamba kitabu cha karatasi huonekana. Humtangaza msomaji mbele ya jamaa zake, humpatia nafasi na staha, na katika nyumba ambayo wazazi hawakusoma, kuonekana huko ni nusu ya elimu.

Uamuzi ulikuwa huu. Kilinunuliwa kishikwambi kimoja cha idara kwa shilingi 500,000, ambamo mwalimu huhifadhi kamusi, rekodi na hadithi zisizolipiwa. Zilinunuliwa riwaya 80 kwa shilingi 2,160,000, majina mawili, nakala 40 kila moja. Shilingi 340,000 zilizosalia zilitumika kupiga chapa hadithi fupi zilizotolewa katika kishikwambi kilekile, tukazishona kwa uzi na sindano kuwa vijitabu vya kidato cha kwanza.

Yafaa tuseme na hasara yake. Mwenzetu kijana hakukosea aliposema kwamba majina mawili ni machache. Yuko mvulana mmoja aliyezimaliza riwaya zote mbili katika mwezi wa kwanza, akaja kutuuliza ya tatu, nasi hatukuwa nayo. Tulimkalisha ofisini na kishikwambi mpaka saa kumi na mbili jioni, na siku iliyofuata akarudi tena. Vitabu viwili vimepotea, kimoja kimelowa mvua. Lakini nakala nyingine zimeanza kurudi na maandishi ya penseli pambizoni, na kanuni ya shule yasema anayeandika katika kitabu alipe faini. Tumemwomba mkuu wa shule aibadili kanuni hiyo kwa vitabu vya idara yetu, na bado tunangoja jibu.

Kwa hiyo tukiulizwa twapendelea kipi, hatutajificha nyuma ya maneno. Kwa mtoto anayejifunza lugha, kwa maandishi marefu yanayotaka kufikiriwa, na kwa nyumba isiyo na umeme, twapendelea karatasi, wala hatuoni haya. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini kwa kutafuta, kwa kuhifadhi, kwa vitabu vilivyokwisha kutoweka madukani, na kwa macho yaliyochoka, twapendelea kioo, tena kwa shukrani.

Kutokana na hayo twapenda kuleta mapendekezo manne mbele ya chama chetu. La kwanza, matawi yaagize vitabu kwa pamoja mara moja kwa mwaka, ili shule ndogo zisinunue nakala tano tano kwa bei ya mchuuzi. La pili, kila tawi lichague hadithi za kidijitali ambazo wenyewe wameziruhusu, lizipige chapa na kuzishona, kama tulivyofanya; gharama ni ndogo na kazi ya kushona wanafunzi huipenda. La tatu, tukubaliane kwamba katika makundi yetu ya simu hatutarushiana tena riwaya za waandishi walio hai bila ya idhini yao. La nne, chama kiandike orodha ya vitabu vya Kiswahili vya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948 na kutoweka pamoja na Jumuiya ya zamani mwaka 1977, ambavyo bado vimo katika makabati ya shule na nyumba za walimu wazee. Kisha kiwatafute wenye haki, na kwa ruhusa yao vihifadhiwe katika kidijitali kabla mchwa hawajavimaliza. Tusisahau kwamba Kamati ya Lugha ya Kiswahili ilikuwa na makao yake papa hapa Makerere, kuanzia 1952 mpaka 1962. Hazina hiyo si ya kigeni kwetu.

Katika hayo manne, mawili yanatoa maandishi katika kioo na kuyatia katika karatasi, au yanayatoa katika karatasi na kuyatia katika kioo. Ndivyo tuonavyo kazi ya mwalimu wa Kiswahili wa leo: kuyavusha maandishi kule yanakohitajika, kama yanavyovushwa mpakani, kwa halali na bila ya kuyapoteza njiani. Wenzetu wa matawi mengine walio na fikira tofauti twawaomba waziandike katika toleo lijalo, nasi tutazisoma kwa makini. Na kama watatutumia kwa simu, tutazipiga chapa kwanza.